Dripu iliyosimamishwa: utafiti uliobadili tiba ya watoto mahututi

Mwezi Januari mwaka 2011, madaktari wa hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania walipokea agizo ambalo hawakulitazamia. Walitakiwa kuacha mara moja kuwaandikisha watoto wapya katika utafiti waliokuwa wakiufanya kwa muda wa miaka miwili. Kamati huru iliyokuwa ikizipitia takwimu zao ilikuwa imegundua jambo zito. Tiba iliyokuwa ikijaribiwa, ambayo ilifundishwa katika vyuo vingi vya udaktari kuwa ni ya kuokoa maisha, ilikuwa ikiongeza vifo.

Tiba hiyo haikuwa dawa mpya iliyotoka maabara. Ilikuwa ni maji ya dripu, yaliyotiwa katika mshipa wa mtoto kwa kasi na kwa wingi mara tu alipofikishwa hospitalini akiwa katika hali mbaya.

Utafiti wenyewe ulijulikana kwa ufupisho wa jina lake la Kiingereza, FEAST, na matokeo yake yalichapishwa tarehe 26 Mei mwaka 2011 katika jarida la tiba la New England Journal of Medicine. Mpaka leo unahesabiwa miongoni mwa tafiti zilizowatikisa sana madaktari wa watoto duniani, na ulifanyika katika wodi ambazo hazikuwa na mashine ya kumsaidia mgonjwa kupumua.

Tangu kipindupindu cha mwaka 1832

Ili kuelewa ukubwa wa mshangao huo, hapana budi kurejea nyuma karibu karne mbili. Mwaka 1832, wakati kipindupindu kilipokuwa kikiua watu kwa wingi huko Scotland, daktari mmoja wa mji wa Leith, Thomas Latta, alithubutu kufanya jambo ambalo wengi wa zama zake wasingelithubutu. Alichanganya maji na chumvi, akayatia moja kwa moja katika mshipa wa mwanamke mzee aliyekuwa katika pumzi zake za mwisho.

Kwa maelezo ya Latta mwenyewe, mgonjwa alirudiwa na uhai mbele ya macho yake. Mapigo ya mshipa yalirejea, uso ukapata rangi, naye akaweza kusema. Daktari akaondoka akiwa na matumaini, lakini saa chache baadaye mwanamke yule alifariki dunia. Baadhi ya wagonjwa wengine wa Latta walipona, na historia ikamweka miongoni mwa waasisi wa tiba ya dripu.

Kwa ugonjwa wa kuharisha, hesabu ya tiba hiyo iko wazi: mwili umepoteza maji, basi maji yarudishwe. Lakini katika karne ya 20 matumizi ya dripu yalivuka mipaka ya kipindupindu. Madaktari walianza kuitumia pia kwa wagonjwa wenye maambukizo makali katika damu, ambao hawakuwa wamepoteza maji kwa njia iliyoonekana.

Wagonjwa wa namna hiyo huingia katika hali ambayo wataalamu huiita mshtuko. Huo si mshtuko wa mtu aliyepata habari mbaya, bali ni udhaifu wa mzunguko wa damu, unaofanya damu isifike vya kutosha katika viungo. Mikono na miguu hupoa, na mapigo ya mshipa huwa dhaifu na ya haraka. Muuguzi anapoubonyeza ukucha wa mtoto mpaka ugeuke mweupe, kisha akauachia, wekundu huchukua sekunde tatu au zaidi kurudi.

Ilionekana ni jambo la busara kwamba mishipa ikijazwa maji, mzunguko utarejea na mtoto ataokoka.

Ushahidi wa watoto 34

Mwaka 1991 watafiti wa Marekani walichapisha taarifa ya watoto 34 waliokuwa na mshtuko uliotokana na maambukizo. Wale waliopewa maji mengi zaidi katika saa ya kwanza walionekana kunusurika kuliko wenzao. Taarifa hiyo ndogo ilipata nguvu kubwa. Katika miaka iliyofuata, miongozo ya nchi tajiri ilishauri watoto wa aina hiyo wapewe hadi mililita 60 kwa kila kilo ya uzito wao, tena kwa haraka.

Watoto hao 34, hata hivyo, hawakugawanywa katika makundi kwa bahati nasibu, na walitibiwa mahali penye chumba cha wagonjwa mahututi. Hakuna jaribio kubwa lililokuwa limewalinganisha watoto waliotiwa maji kwa kasi na wale wasiotiwa. Katika nchi tajiri, kulifanya jaribio kama hilo kulionekana kuwa kinyume cha maadili, kwani nani angethubutu kumnyima mtoto tiba ambayo kila mmoja anaamini itamwokoa?

Katika hospitali nyingi za Afrika hali ilikuwa tofauti. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilishauri maji ya kasi kwa watoto waliofikia hatua mbaya kabisa ya mshtuko tu, na mara nyingi hata hao hawakuyapata kwa sababu ya uhaba wa vifaa na wauguzi. Wapo walioiona hali hiyo kama upungufu mwingine wa kusikitisha wa hospitali za umma, unaopaswa kuzibwa haraka.

Hospitali za kawaida

Swali hilo lilikuwa limewashughulisha kwa miaka kadhaa watafiti wa Kilifi, katika pwani ya Kenya, ambako tangu mwaka 1989 Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, imekuwa ikiendesha kituo cha utafiti kwa ushirikiano na mfuko wa Wellcome wa Uingereza. Kituo hicho kilijengwa pamoja na hospitali ya wilaya, na watoto wanaotibiwa hapo ni watoto wa wakulima na wavuvi wa eneo hilo.

Profesa Kathryn Maitland wa chuo cha Imperial cha London, ambaye amefanya kazi Kilifi kwa miaka mingi, hakuwa mpinzani wa dripu. Utafiti mdogo aliouongoza hapo, uliochapishwa mwaka 2005, ulionyesha kwamba watoto wenye malaria kali waliopewa maji yenye albumini, ambayo ni protini ya damu, walifariki kwa uchache kuliko waliopewa maji ya chumvi. Jaribio kubwa lilihitajika kuthibitisha kama maji ya kasi yanasaidia, na kama albumini inazidi chumvi.

Jaribio hilo lilianza mwaka 2009 kwa fedha za Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza. Vituo vyake vilikuwa Kilifi nchini Kenya. Hospitali Teule ya Muheza, mkoani Tanga, nchini Tanzania. Na Mulago, Mbale, Soroti na Lacor nchini Uganda. Baadhi ya hospitali hizo ni za serikali na nyingine ni za mashirika ya kanisa zinazouhudumia umma. Miongoni mwa madaktari waliozisimamia kazi hizo walikuwa Sarah Kiguli wa Chuo Kikuu cha Makerere, Peter Olupot-Olupot wa Mbale, Charles Engoru wa Soroti, George Mtove wa Muheza na Samuel Akech wa Kilifi.

Walioandikishwa walikuwa watoto wa umri wa siku 60 hadi miaka 12, wenye homa kali, dalili za mzunguko dhaifu wa damu, na ama wakipumua kwa shida ama wakiwa wamepungukiwa au kupotewa na fahamu. Zaidi ya nusu yao walikuwa na malaria. Watoto wenye kuharisha, wenye utapiamlo mkali na walioungua moto hawakuingizwa, kwa kuwa tiba yao ya maji inafuata kanuni nyingine.

Kwa bahati nasibu, watoto hao waligawanywa katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilitiwa maji ya albumini kwa kasi, la pili maji ya chumvi kwa kasi, na la tatu halikutiwa maji ya kasi. Wote walipewa dawa za viuavijasumu, dawa za malaria waliozihitaji, oksijeni, sukari, maji ya taratibu ya kuutunza mwili, na damu kwa waliopungukiwa sana. Wauguzi na madaktari wa vituo vyote walifundishwa kwanza namna ya kuwatambua haraka watoto walio hatarini zaidi.

Ridhaa ya mzazi

Palikuwa na jambo jingine lililohitaji kufikiriwa kwa makini. Mama anayefika hospitalini akiwa amembeba mtoto aliyepoteza fahamu hawezi kuketi na kusomewa karatasi ndefu za maelezo ya utafiti. Hana utulivu wa kuelewa, na mtoto hana muda wa kusubiri.

Kamati za maadili za nchi husika zilikubali utaratibu maalumu. Katika hali ya dharura, mzazi alielezwa kwa maneno machache na kuulizwa kama anakubali au anakataa. Maelezo kamili na ridhaa ya maandishi vilifuata baada ya mtoto kupata utulivu. Endapo mtoto alifariki kabla ya hapo, iliruhusiwa mzazi asifuatwe tena kwa ajili ya sahihi, ili asiongezewe uchungu juu ya msiba.

Utaratibu huo umejadiliwa sana na wataalamu wa maadili. Wapo wanaouona kuwa wa huruma na wa kweli, na wapo wanaouliza kama mzazi aliyefiwa hana haki ya kujua kwamba mwanawe alikuwa katika utafiti. Mjadala huo haukupata jibu moja, lakini umeyapa majaribio mengine ya dharura mahali pa kuanzia.

Macho yaliona nafuu

Utafiti ulipangwa uwe na watoto 3,600. Uliposimamishwa, walikuwa wamefikia 3,141 katika makundi hayo matatu. Ndani ya saa 48, watoto 111 kati ya 1,050 waliopewa albumini kwa kasi walikuwa wamefariki, sawa na asilimia 10.6. Katika kundi la maji ya chumvi walifariki 110 kati ya 1,047, sawa na asilimia 10.5. Katika kundi ambalo halikupewa maji ya kasi walifariki 76 kati ya 1,044, sawa na asilimia 7.3.

Kwa maneno mengine, katika kila watoto 100 waliotiwa maji kwa kasi, kulikuwa na vifo vitatu zaidi ya ambavyo vingetokea bila ya tiba hiyo. Baada ya wiki nne tofauti hiyo ilikuwa bado ipo. Watafiti walipoyatazama makundi madogo, wenye malaria na wasio nayo, wenye upungufu wa damu na wasio nao, wadogo na wakubwa, hawakuona kundi hata moja lililonufaika.

Lakini katika takwimu hizo limo jambo moja linaloeleza kwa nini kosa hilo lilidumu kwa muda mrefu. Saa moja baada ya tiba kuanza, dalili za mshtuko zilikuwa zimetoweka kwa asilimia 43 ya watoto waliotiwa maji kwa kasi, na kwa asilimia 32 tu ya wale wasiotiwa. Daktari aliyesimama kando ya kitanda aliona mikono ikipata joto na mapigo ya mshipa yakiimarika. Aliona kile alichokiona Latta mwaka 1832, na kama Latta, alikuwa na kila sababu ya kuamini kwamba tiba inafanya kazi. Vifo vilikuja baadaye, vingi vikiwa ndani ya saa 24 za kwanza, na kila kimoja kiliweza kuhesabiwa kuwa ni kazi ya ugonjwa wenyewe.

Bila ya kundi la kulinganishia, hakuna jicho la daktari, hata awe hodari namna gani, ambalo lingeitambua tofauti hiyo.

Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba vifo vya ziada havikutokana hasa na maji kujaa katika mapafu au ubongo kuvimba, kama wengi walivyodhani. Vilihusiana zaidi na moyo na mzunguko wa damu kushindwa ghafla. Baadhi ya wataalamu wanapendekeza kwamba mwili wa mtoto, unapobana mishipa ya mikono na miguu, huwa unajilinda, na kwamba kuuharibu ulinzi huo kwa haraka kuna gharama yake.

Palikuwa pia na habari njema. Hata katika kundi la kulinganishia, vifo vilikuwa vichache kuliko ilivyotazamiwa wakati utafiti ulipopangwa. Mafunzo ya kuwatambua wagonjwa mahututi, oksijeni, sukari na dawa zilizotolewa kwa wakati vinaaminika kuwa vilichangia.

Miaka mitano ya kusubiri

Mtu angetarajia kwamba matokeo ya namna hiyo yangebadili miongozo mara moja. Haikuwa hivyo.

Mwaka mmoja kabla, mwaka 2010, utafiti mwingine ulioitwa AQUAMAT, uliofanywa kwa watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, zikiwemo Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ulionyesha kwamba dawa ya artesunate huokoa watoto wengi wenye malaria kali kuliko kwinini. Vifo vilikuwa asilimia 8.5 kwa artesunate na 10.9 kwa kwinini. WHO ilibadili mwongozo wake mwaka uliofuata, 2011.

Kwa maji ya kasi mambo yalikwenda polepole. Kitabu cha WHO cha tiba ya watoto hospitalini kilipotolewa upya mwaka 2013, ushauri wa kutia maji kwa haraka ulibaki. Mwaka 2014 Sarah Kiguli na wenzake waliandika katika jarida la BMJ la Uingereza wakihoji kwa nini matokeo ya FEAST hayakuzingatiwa. Ilipofika mwaka 2016, WHO ilitoa ushauri mpya: watoto wenye mzunguko dhaifu wa damu lakini ambao hawajafikia mshtuko kamili wasitiwe maji kwa kasi, na wale wenye dalili zote za mshtuko wapewe kiasi kidogo zaidi, kwa muda mrefu zaidi, huku wakiangaliwa kwa karibu.

Wakosoaji walikuwa na hoja zao. Walisema watoto wa FEAST walikuwa na malaria na upungufu wa damu kuliko watoto wa Ulaya na Marekani, na kwamba mahali penye mashine za kupumulia na dawa za kuimarisha moyo matokeo yangeweza kuwa mengine. Hoja hiyo haijafutika. Lakini ina upande wa pili: kama tiba inategemea mashine hizo ili isidhuru, basi haikuwa tiba ya kupelekwa Soroti au Muheza kwa kuwa tu imeandikwa katika kitabu cha mahali pengine.

Mwaka 2017 watafiti wa Lusaka, nchini Zambia, walichapisha matokeo ya watu wazima wenye maambukizo makali ya damu. Waliotibiwa kwa utaratibu uliojumuisha maji mengi ya haraka walifariki kwa asilimia 48.1, na waliopata huduma ya kawaida kwa asilimia 33. Mwaka 2020 mwongozo wa kimataifa wa tiba ya maambukizo makali kwa watoto ulishauri rasmi dhidi ya maji ya kasi mahali pasipo na chumba cha wagonjwa mahututi, iwapo shinikizo la damu la mtoto halijashuka.

Ikumbukwe kwamba ushauri huo haumhusu mtoto anayeharisha na kupungukiwa na maji. Huyo bado anahitaji kurudishiwa maji, kwa mdomo au kwa mshipa, kulingana na hali yake.

Kifuani kwa mama

Mafunzo ya FEAST yamewafikia hata watoto wachanga, kwa njia ya mfano. Kwa miaka mingi, watoto wanaozaliwa na uzito mdogo walitenganishwa na mama zao na kuwekwa katika joto la mashine mpaka wapate utulivu, ndipo wawekwe kifuani, ngozi kwa ngozi, kwa njia inayojulikana kama huduma ya kangaruu, iliyoanzia Bogotá, Colombia, mwishoni mwa miaka ya 1970. Hilo nalo lilionekana kuwa jambo la busara lisilohitaji kuhojiwa.

Hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ikiwemo Hospitali ya Taifa Muhimbili ya Dar es Salaam, zililiweka katika mizani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalihusu watoto 3,211. Kati ya waliowekwa kifuani mapema baada ya kuzaliwa, asilimia 12 walifariki katika siku 28 za kwanza, ikilinganishwa na asilimia 15.7 ya waliosubirishwa. Utafiti huo pia ulisimamishwa kabla ya wakati, safari hii kwa sababu ya kuonekana kwa manufaa yaliyo wazi. Mwezi Novemba mwaka 2022, WHO ilishauri huduma hiyo ianze mara tu mtoto anapozaliwa.

Hapa kasi ilikuwa kubwa zaidi: mwaka mmoja na miezi kadhaa, badala ya mitano. Kazi iliyobaki ni ya wodi zenyewe, kwani ushauri huo unahitaji kitanda cha mama ndani ya chumba cha watoto wachanga, na katika hospitali nyingi za umma nafasi ya kitanda hicho bado haijapatikana.

Kuhusu maji ya kasi, kazi iliyobaki ni ya namna nyingine. Hakuna cha kununua wala cha kujenga. Kinachotakiwa ni kwa muuguzi wa zamu ya usiku, mbele ya mtoto aliyepoa mikono na mzazi anayesihi kifanyike kitu, kuweza kuiacha dripu iende taratibu, akijua kwamba kuna watoto 3,141 na wazazi wao waliolipia ujuzi huo.